Mwaka Tuliomlea Dzitso

Mwezi uliopita nilikwenda Malindi kwenye arusi ya mjukuu wa Bi Zuhura, na kabla sijamwona bibi arusi nilimwona yeye. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango wa jikoni, mahali ambapo kila sinia ilibidi lipite mbele yake, na kila lililopita alilionja. Amepungua mwili. Macho hayamsaidii sana siku hizi, kwa hiyo nilipoinama na kusema shikamoo aliushika mkono wangu, akapapasa vidole kimoja kimoja, ndipo akaitikia marahaba. "Huyu ni Kadzo," akawaambia wanawake waliokuwa wakikatakata vitunguu. Msichana mmoja mwenye hina mpaka viwikoni akauliza tunajuana vipi, maana mimi nilikuwa nimekuja peke yangu na sikuwa jamaa wa upande wowote. Bi Zuhura akajibu bila kufikiri: "Mimi na huyu tulilea dubwana pamoja." Wakacheka, kisha wakanigeukia mimi nieleze. Nilijaribu. Nikataja redio, nikataja mchezo wa simu, nikataja kaa mkubwa, nikaona macho yao yanarudi kwenye vitunguu. Kuna mambo hayaelezeki ukiwa umesimama jikoni kwa watu na sahani mkononi. Sasa nimeketi kwangu, Mombasa, watoto wameenda shule, na nina nafasi ya kueleza vizuri.

Sitasimulia nilivyozaliwa wala nani alinisomesha. Yatosha kujua kwamba nilitoka Vitengeni, ndani huko upande wa Ganze, kwamba nyumbani tulizungumza Kigiriama, na kwamba mwaka huo nilikuwa na umri ambao mtu huona haya kwa kila alicho nacho, kuanzia viatu mpaka ulimi. Nilikuwa nimepata kazi katika kituo kidogo cha redio, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na nilikuwa nimepanga chumba kwa Bi Zuhura. Nyumba yake ilikuwa ya zamani, kuta nene, na katikati palikuwa na ua. Upande mmoja wa ua palikuwa na jiko, upande wa pili chumba changu, na dirisha langu lilitazama jikoni moja kwa moja. Bi Zuhura alikuwa mjane anayetengeneza achari za kuuza. Maembe yaliyokatwa na kutiwa chumvi yalianikwa juu ya dari kwenye masinia, ndimu zikalowekwa kwenye mitungi ya kioo, na mimi nililala na kuamka katika harufu ya siki na pilipili. Mpaka leo nikipita karibu na mtu anayekaanga bizari naona kama nimechelewa kazini.

Nilimwogopa. Si kwamba alikuwa mkali. Alikuwa na maneno. Alizaliwa Amu, kama watu wa huko wanavyouita Lamu, na kila neno lake lilitoka limenyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Njoo aliita ndoo, njia aliita ndia, leo aliita yeo, na hata aliponiambia nifunge mfereji niliona kama nimesomewa utenzi. Mimi mbele yake nilisema shikamoo, asante, na usiku mwema, basi. Siku moja Mama Sidi, mwanamke wa kwetu aliyekuwa akimletea maembe kila wiki, alikuwa ameketi uani akinywa chai, nami nikawasikia kupitia dirishani. "Huyo mpangaji wako hasemi?" aliuliza Mama Sidi. "Anasema redioni," akajibu Bi Zuhura. "Redioni anasema nini?" "Sijui," akasema Bi Zuhura. "Nafungua kila siku sijapata kumsikia."

Hakunisikia kwa sababu sikuwahi kusema. Kazi yangu ilikuwa kupokea simu, kukata mahojiano yaliyorekodiwa, na kuandika habari ambazo wengine walizisoma. Meneja wetu, Bwana Athman, alikuwa mtu mwembamba aliyetafuna karafuu kutwa nzima, na alikuwa mwadilifu. Nataka hilo lijulikane. Nilipoomba kujaribiwa sauti alinisikiliza mpaka mwisho, akavua visikizio, akasema, "Sauti yako nzuri, Kadzo. Ulimi ndio una shamba." Alilisema kama daktari anavyokwambia una upungufu wa damu. Sikukasirika. Nilimwamini, na hilo lilikuwa baya zaidi kuliko kukasirika.

Kisha ikaja habari ya vijana. Bwana Athman aliona vijana wanakiacha kituo, wote wameinamia simu, akaamua Ijumaa alasiri pawe na kipindi kifupi cha kuchambua michezo ya simu: upi mzuri, upi unamaliza chaji bure, upi uachwe. Watangazaji walikikataa, wakasema ni kazi ya kitoto. Bwana Athman akanitazama. "Wewe nakuona na simu kila wakati," akasema. "Andika uchambuzi. Nitausahihisha. Utausoma kama nilivyousahihisha, usiongeze neno." Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Mchezo niliouchagua ulikuwa mmoja mwepesi, wa bure, ambao nilikuwa nikiucheza kitandani. Unaanza na kidudu laini, kama konyeza aliyetupwa ufukweni na mawimbi, hakina mikono wala miguu, kina jicho moja tu kubwa katikati. Unakiingiza katika mapango ya chini ya bahari. Kila pango lina maadui, na kikiwashinda kinakula, kinakua, kinageuka. Kila kinapogeuka mchezo unakuletea mambo matatu uchague moja: mabawa, au magamba, au mkia wenye sumu, au mdomo wa pili juu ya kichwa. Ukikifikisha mbali kinakuwa dubwana ambalo wewe mwenyewe unaliogopa. Lakini ukifa, umekufa. Vyote ulivyovipata vinapotea, unarudi kuanza na kidudu kile kile laini, na mapango hayako tena kama yalivyokuwa, na yale mambo matatu unayoletewa si yale ya jana. Hivyo ndivyo nilivyopaswa kusema redioni. Badala yake nilisoma karatasi iliyosahihishwa, nikasema kwamba mchezo huo unampa mtumiaji fursa ya kufanya uteuzi wa mabadiliko ya kimaumbile katika mazingira yanayobadilika. Nilitamka kila herufi. Nilikuwa najisikiliza kama mtu anayetembea juu ya sakafu iliyopigwa deki.

Niliporudi nyumbani Bi Zuhura alikuwa anasaga haradali. "Yeo nimekusikia," akasema.

"Asante, Bi."

"Sikusema nimekuelewa. Ulikuwa ukisoma kama maelezo ya chupa ya dawa." Akasukuma kinu kando. "Hicho kitu chenyewe kikoje?"

Nikampa simu. Akanawa mikono, akajifuta kwa kanga, akaishika simu kwa ncha za vidole kama mtu anayeshika kifaranga. Nikamwonyesha pa kugusa ili kidudu kiende, pa kugusa ili kipige. Alikiongoza taratibu, akikizungumzia, "haya baba, pita huku, usiende kwa hao," na alipoletewa mambo matatu alichagua mkia, si kwa sababu una nguvu bali kwa sababu ulikuwa wa buluu. Katika pango la tatu akazungukwa, akafa. Hakupiga kelele. Aliiweka simu mezani kifudifudi.

"Amekufa," akasema.

"Anaanza tena, Bi. Gusa hapo."

"Ni yeye yule, au mwingine?"

Nilikuwa sijawahi kulifikiria hilo, na nilikuwa nimeshakufa katika mchezo ule mara zisizo na hesabu. "Ni yeye," nikasema.

"Anakumbuka yaliyompata?"

"Hakumbuki."

"Basi si yeye."

"Lakini mimi nakumbuka," nikasema. "Mimi najua sasa kwamba wale wa pango la tatu wanatoka pande zote mbili." Bi Zuhura akanitazama, nadhani kwa mara ya kwanza tangu nihamie. Akasema, "Kumbe unasema," akaigeuza simu, akaanza upya.

Tangu siku hiyo hatukuwa tena mwenye nyumba na mpangaji. Tuliweka sheria kwamba tucheze kwa zamu na atakayekufa mapema aoshe vyombo. Mimi nilichagua nguvu daima: meno, magamba, sumu. Yeye alichagua uzuri. Mdomo wa pili aliukataa kila ulipoletwa. "Mmoja unaniudhi, wa pili wa nini?" alisema, na ikawa hivyo mwaka mzima. Dubwana lake lilikuwa na mapezi marefu kama pazia na halikuweza kumuumiza mtu, lakini lilikwepa vizuri, na mara nyingi lilifika mbali kuliko langu. Alikuwa pia na ujanja wake. Dubwana likibakiwa na uhai kidogo, maadui wamejaa, alikuwa akinusa hewa ghafla na kusema, "Shika kidogo, samaki anaungua," na kunisukumia simu. Likafia mikononi mwangu. Samaki alikuwa salama. Niliosha vyombo vingi sana kabla sijautambua mtego huo, na baada ya kuutambua niliendelea kuosha, kwa sababu alipokuwa akinitazama nikisugua sufuria alikuwa akiniuliza habari za Vitengeni, na mimi nilikuwa nikimjibu.

Mchezo wenyewe ulikuwa na kasoro zake, na tulizijadili kwa uzito kuliko nilivyowahi kusikia watu wazima wakijadili uchaguzi. Bi Zuhura aliyachukia matangazo. Yalitokea pale pale dubwana lilipokufa, tena kwa muziki, na alisema ni kama mtu anayekuja kukuuzia sufuria matangani. Mimi nililalamika kwamba mabawa yana nguvu mno. Ukiyapata mapema hakuna tena pa kuogopa. Tulikubaliana kwamba mapango ya mwisho yanafanana, kama kwamba aliyeyachora alikuwa amechoka akataka kwenda kulala. Lakini tulikubaliana pia juu ya uzuri wake mkubwa, ambao ni ufupi. Maisha mamoja ya dubwana yalianza na kuisha katikati ya kuinjika wali na kuupalia makaa. Bi Zuhura alisema hajapata kuona mchezo unaojua kwamba mtu ana kazi.

Maneno hayo niliyaiba. Nilimpelekea Bwana Athman uchambuzi wa pili wenye wali na makaa ndani yake, akasoma, akaacha kutafuna. "Hili si lako," akasema. Nikamwambia ni la nani. Akacheka mpaka karafuu ikamtoka mdomoni, maana achari ya Bi Zuhura ilikuwa mezani kwake nyumbani tangu utotoni. "Mlete," akasema. "Aje aseme mwenyewe, wewe umuulize maswali."

Bi Zuhura alikuja kwa buibui jipya na manukato yaliyotutangulia ngazini. Studio yetu ilikuwa chumba kidogo chenye trei za mayai zilizobandikwa ukutani ili kuzuia mwangwi, na alizitazama muda mrefu, kisha akauliza mayai yenyewe tumekula sisi au tumewapa watu. Tulianza. Niliuliza maswali niliyoandikiwa, naye akajibu kwa Kiswahili chake kile, na nilimwona Bwana Athman nyuma ya kioo ametulia kama mtu aliyeshiba. Ikafika zamu yangu kueleza jinsi kidudu kinavyoonekana kinapozaliwa. Nilikuwa nimesahau karatasi. Nilikuwa nakiona. "Ni laini," nikasema, "hana mikono, hana miguu, ana dzitso moja kubwa katikati."

Neno lilitoka lenyewe. Bwana Athman akainamisha kichwa. Mimi nikawa wa moto shingoni. "Samahani," nikasema, "jicho."

"Hebu rudia," akasema Bi Zuhura.

"Jicho."

"Si hilo. La kwanza."

Hatukuwa jikoni. Tulikuwa hewani, Malindi nzima ikisikia, na mpaka Kilifi. "Dzitso," nikasema.

"Dzitso," akalirudia taratibu, akilionja. "Sisi kwetu Amu twasema ito. Moja ni ito, mengi ni mato. Lakini huyu wetu hana ito. Ito ni jambo dogo, zuri, la kutiwa wanja. Huyu ana dzitso. Ukilisikia tu unaliona limetoka, linakutazama." Nikacheka. Si cheko la redioni. Lilikuwa langu, lile la jikoni, na lilitoka lote. Naye akacheka, na tukabaki tunacheka mpaka Bwana Athman akalazimika kuweka wimbo. Wimbo ulipokuwa unapigwa simu zikaanza kuingia. Wa kwanza alikuwa fundi cherehani wa Kaloleni aliyesema wako watatu dukani na simu moja, na wanaomba kujua huyo Dzitso anampitaje yule kaa mkubwa wa pango la tano. Alilisema kama jina la mtu. Kuanzia hapo lilikuwa jina.

Kila Ijumaa baada ya hapo tulikwenda pamoja. Tulichambua michezo mingine pia, ya magari, ya mashamba, ya kupanga vito, lakini wasikilizaji hawakukubali tumalize kabla ya kutoa habari za Dzitso: amefika wapi, amekufa vipi, Bi Zuhura amempa mkia gani. Ikaingia Ramadhani. Mimi si Mwislamu, lakini Bi Zuhura hakukubali nile peke yangu chumbani, kwa hiyo nilingoja adhana pamoja naye, tukafuturu kwa tende na uji wa pilipili manga, kisha viazi vya karai, kisha mkate wa sinia uliokuwa bado na joto. Mchana wote wa Ramadhani hakuigusa simu. Alisema kaa yule humtoa maneno, na maneno hayo hayafai kwa mtu aliyefunga. Lakini mara tu baada ya kufuturu aliunyosha mkono bila kunitazama, nami nikaijua maana yake. Nikiifikiria furaha, naiona meza ile: makombo ya kaimati, shira imeganda kwenye sahani, na yule bibi na miwani yake akimnong'oneza kidudu apite kushoto.

Idi ilipopita Bwana Athman aliniita. Alifunga mlango, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Alisema kipindi kinapendwa, na kwamba wamepatikana watu wa kukidhamini. Alisema pia kwamba baadhi ya wazee wa mjini wamelalamika, si juu ya mchezo, bali juu ya lugha. Kwamba Kiswahili kinachezewa. Na wadhamini wamelisikia hilo. Kwa hiyo amefikiria kijana mmoja wa kituoni, mzaliwa wa mjini, mwenye ulimi safi, aketi na Bi Zuhura. "Wewe utaandika," akasema. "Kila neno litakuwa lako. Sauti tu ndiyo itakayobadilika." Alikuwa ananitazama kwa huruma ya kweli, na huruma ile ndiyo iliyonifanya nijibu haraka. "Sawa," nikasema.

Bi Zuhura alikuwa jikoni anakatakata maembe mabichi, na nilimweleza nikiwa nimesimama mlangoni. Hakuacha kukata. Nilingoja akasirike, nadhani nilikuwa nimetembea njia nzima nikilisikiliza hilo, jinsi atakavyofunga buibui na kwenda kumpasulia Bwana Athman ukweli.

"Na wewe umesema nini?" akauliza.

"Nimesema sawa."

"Ni sawa?"

"Si sawa."

"Basi umesema uongo," akasema, kwa upole, kama anayenionyesha kwamba nguo yangu imefunguka kifungo. "Mwanangu, mimi nitakupikia, nitakuombea Mungu, lakini sitakusemea. Nikikusemea utakuwa umenyamaza mara mbili." Akanisogezea kibao na kisu cha pili. "Kaa ukate. Kesho uende."

Nimewahi kusimulia habari hii kwa watu wakamwona mgumu. Mimi nilimwona mgumu pia, jioni ile, nikikata maembe huku machozi yananitoka na kusingizia pilipili. Sasa nina binti anayeona haya kusema mbele ya watu, na kila mara natamani kumfungulia mdomo kwa mkono wangu, na kila mara nakumbuka kile kibao. Si rahisi kumwacha mtu unayempenda aende peke yake. Bi Zuhura aliokota vipande vyangu vilivyokatwa vibaya na kuvikata upya bila kusema neno.

Asubuhi nilimkuta Bwana Athman anafungua madirisha. Nikamwambia jana nilisema sawa na haikuwa sawa. Nikamwambia nataka kusema mwenyewe.

"Kadzo, habari ya ulimi nilishakwambia."

"Uliniambia, na nimeifikiria. Lakini wanaopiga simu hawajawahi kuuliza habari ya ulimi. Wanauliza kaa anapitwaje. Na mimi ndiye ninayejua." Sauti yangu ilikuwa inatetemeka lakini ilikuwa inatoka. "Na nikisema dzitso, mtu wa Ganze anajua ni jicho, na mtu wa mjini pia sasa anajua. Hajapungukiwa kitu. Ameongezewa."

Alisimama akiwa ameshika komeo la dirisha, akatafuna, akatafuna. Hatimaye akasema, "Nitakupa Ijumaa hii. Peke yako. Bila Bi Zuhura wa kukubeba, na bila karatasi, kwa sababu karatasi inakuua. Wasikilizaji wakikuacha, wamekuacha. Wakibaki, nitawajibu wazee mimi mwenyewe." Nilitoka pale, nikaketi ngazini karibu na mifuko ya saruji mpaka mwenye duka akaniuliza kama nataka maji.

Ijumaa ilipofika niliingia katika chumba cha trei za mayai na kiti cha Bi Zuhura kilikuwa kitupu mbele yangu. Nilianza vibaya. Nilisema mchezo huu ni wa aina ile ambayo ukifa unaanza upya, kisha nikanyamaza, nikawa nasikia pumzi yangu kwenye visikizio. Hapo nikafikiria wali. Nikawaambia wasikilizaji waweke sufuria motoni, kwa fikra tu, na tuingie pangoni kabla haijachemka. Nikamtembeza Dzitso mlango hadi mlango. Nikaeleza anavyopumua, sauti anayotoa akila, maadui wanavyomtokea pande zote mbili. Nilipotaka kusema jino nikasema dzino, sikuomba samahani. Nikasema kwamba hapa mchezo unachosha, hapa unanyang'anya muda wa watu kwa matangazo, hapa mchoraji alilala. Na kwamba pamoja na hayo yote sijapata mchezo ulionifundisha kufa bila kuona haya, kwa sababu mara mia unarudishwa kuwa laini, bila mikono, na mara mia unaona kwamba wewe uliyeshika simu umerudi na kitu. Nikasema kwa hiyo uamuzi wangu ni huu: upakueni, uchezeni wawili wawili, na msikubali kushikishwa simu na mtu anayesema samaki anaungua.

Nikanyamaza. Taa ya simu za wasikilizaji ilikuwa imezima. Bwana Athman hakuweka wimbo. Alingoja, nami nikangoja, na sijui tulingoja kiasi gani. Kisha taa ikawaka. Alikuwa mwanamke wa Dabaso, mtu mzima kwa sauti, na alianza kwa kunisalimia kwa Kigiriama, salamu zote mpaka mwisho, za nyumbani na za mifugo, nami nikaziitikia hewani moja baada ya moja. Alisema yeye hana simu ya kuchezea. Yake ni ya vitufe. Hajapata kumwona Dzitso na huenda asimwone. "Lakini Ijumaa naacha kazi nikae nisikilize amefika wapi," akasema. "Leo nilimwona. Nilimwona kabisa." Taa haikuzima tena mpaka kipindi kikaisha.

Nilirudi nyumbani nikiwa kama mtu aliyekunywa. Uani palijaa watu. Bi Zuhura alikuwa amewaita majirani waje kusikiliza, akatandika mikeka, akatoa redio ya jikoni akaiweka juu ya mtungi wa achari. Na Mama Sidi naye alikuwepo, maembe yake hata hajayapakua. Hakuna aliyenipongeza mara moja. Walikuwa wanabishana. Mmoja alisema nilikuwa sahihi kuhusu mabawa, mwingine akasema mabawa ni halali ya aliyeyapata, na Mama Sidi, ambaye mbele ya majirani nilikuwa sijamsikia akisema zaidi ya bei na shukrani, alikuwa amesimama katikati akiwaeleza wanawake wa mjini, nusu Kiswahili nusu Kigiriama na bila kusitasita, jinsi jino la dubwana linavyopaswa kuitwa. Walikuwa wakimsikiliza. Bi Zuhura akanipakulia samaki wa kupaka na mkate wa mofa, akaketi kando yangu, akangoja nile tonge la kwanza.

"Ulianza vibaya," akasema.

"Najua."

"Kisha ukatia sufuria motoni." Akanichambulia miba kama anavyochambuliwa mtoto mdogo. "Hilo la samaki kuungua hukuwa na haja ya kuwaambia watu."

Simu yangu ikalia. Alikuwa Bwana Athman. Nilisimama pembeni ya mtungi nikamsikiliza, kidole kikiziba sikio la pili kwa sababu ya kelele za ubishi, kisha nikarudi mkekani. Nikamwambia Bi Zuhura kwamba kipindi ni changu, kwamba kijana wa ulimi safi amepewa habari za michezo ya mpira, na kwamba Bwana Athman anasema Ijumaa ijayo yeye pia aje.

Bi Zuhura alikuwa anakusanya miba kwenye kisahani. "Anasema," akauliza, "au anaomba?"

Nikaiweka simu sikioni tena, maana sikuwa nimekata. Nikauliza. Upande wa pili nikasikia karafuu ikivunjika menoni, kisha neno moja.

"Anaomba," nikasema.

"Basi mwambie tutakuja."